Gereji ya Wasomaji: Ofseti ya Rimu, na Kwa Nini Kukaa kwa Matundu ya Bolti Hakutoshi

Kati ya barua zilizofika mwezi huu, tatu zinazungumzia jambo lilelile, nalo ni namba ndogo iliyochongwa mgongoni mwa rimu ambayo wauzaji wengi huipita bila kuitaja. Nimeziweka pamoja ili msomaji wa barua moja afaidike na majibu ya nyingine. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa mwenyewe ameandika namba zote, na penye namba kamili tunaweza kupiga hesabu badala ya kubahatisha.

Swali la kwanza

Shikamoo mzee wetu. Mimi ni kijana wa Tanga na ninamiliki Subaru Forester ya mwaka 2005, ambayo bado ina rimu zake za asili za inchi 16. Kwa nyuma zimeandikwa 16x6½JJ, kisha 48. Wiki iliyopita nilikuwa Dar es Salaam, nikaona kwa wauza rimu za mitumba seti ya rimu nne za sporti, nzuri sana, zilizoandikwa 17x8J, 5x100 na ET35, na ndani ya tundu la katikati pameandikwa 73.1. Muuzaji amenihakikishia kwamba matundu ya bolti yakikaa basi rimu imekaa, na kwamba hiyo ET ni urembo tu wa gurudumu kuonekana limetoka nje au limeingia ndani. Nimeacha arbuni. Fundi wangu wa hapa Tanga ananiambia nisubiri kwanza. Nimwamini nani, na hiyo ofseti ni kitu gani hasa?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Msikilize fundi wako, na kama arbuni yako inaweza kurudishwa, urudishiwe. Muuzaji hakukudanganya kuhusu matundu, kwa sababu Forester ya umri huo kweli ina bolti 5 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, na rimu hizo zitaingia kwenye bolti bila shida yoyote. Hapo ndipo hatari ilipo. Rimu isiyoingia kwenye bolti humrudisha mtu dukani siku hiyohiyo, lakini rimu inayoingia vizuri huku imekaa mahali pasipo pake humwacha aondoke nayo akiwa na furaha, na madhara yake huja kujitokeza baada ya miezi kadhaa.

Tuanze na maana yenyewe. Chukua rimu isiyo na tairi, isimamishe kama inavyosimama kwenye gari, halafu ufikirie mstari unaoigawa katikati ya upana wake, nusu moja ikiwa upande wa barabarani na nusu ya pili upande wa shokapu. Sasa tazama ule uso bapa unaokutana na habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka kwenye beringi. Uso huo ni nadra sana kukaa sawasawa na ule mstari wa katikati. Umbali uliopo kati yake na mstari huo, ukipimwa kwa milimita, ndio ofseti. Uso ukiwa umesogea kuelekea barabarani, ofseti ni chanya, na sehemu kubwa ya rimu pamoja na tairi lake huingia ndani chini ya fenda. Uso ukiwa juu ya mstari wenyewe, ofseti ni sifuri. Ukiwa umesogea kuelekea shokapu, ofseti ni hasi, na gurudumu husukumwa nje. Herufi ET zimetokana na neno la Kijerumani, Einpresstiefe, na zimeenea kwenye rimu za watengenezaji wengi wa Ulaya.

Kwa hiyo 48 ya rimu zako za asili ina maana kwamba uso wa kufungia uko milimita 48 nje ya mstari wa katikati, na 35 ya rimu ulizozipenda ina maana kwamba uko milimita 35. Watu wengi hujikwaa hapa, kwa sababu akili hutarajia kwamba namba kubwa hutoa gurudumu nje, kumbe ni kinyume chake. Namba ikipanda gurudumu huingia ndani, na ikishuka gurudumu hutoka nje.

Ukiishia hapo utasema kwamba tofauti ni milimita 13 tu, upana wa kidole, na kwamba hazina neno. Lakini ofseti haisomwi peke yake hata siku moja. Husomwa pamoja na upana wa rimu, na upana nao umebadilika kutoka inchi 6.5 hadi inchi 8. Hesabu yake ni ya kutoa na kujumlisha tu. Inchi 6.5 ni milimita 165, na nusu yake ni 82.5. Ukitoa 48 unapata 34.5, ambao ndio umbali kutoka uso wa kufungia hadi ukingo wa nje wa rimu yako ya asili. Ukijumlisha 48 unapata 130.5, umbali wa kwenda hadi ukingo wa ndani, upande wa shokapu. Sasa fanya hivyohivyo kwa rimu mpya. Inchi 8 ni milimita 203, nusu yake ni 101.5. Ukitoa 35 unabaki na 66.5, na ukijumlisha 35 unapata 136.5. Linganisha: ukingo wa nje umetoka kwenye 34.5 hadi 66.5, yaani umesogea nje milimita 32, na ukingo wa ndani umeingia milimita 6 zaidi kuelekea shokapu. Upana huu unaoandikwa kwenye rimu hupimwa pale tairi linapokaa, bila kuhesabu unene wa kingo zenyewe, lakini kwa kuwa unene huo haupishani sana kati ya rimu na rimu, tofauti tuliyoipata inabaki palepale.

Milimita 32 ni kama upana wa vidole viwili. Tairi halitatoka kwa kiasi hicho chote, kwa sababu sehemu yake pana zaidi ni tumbo la ubavuni, si mahali linaposhikana na rimu. Hata hivyo, kwa matairi yanayofaa rimu ya inchi 8, tumbo hilo litatoka kati ya milimita 20 na 25 kuliko lilivyo sasa. Kabla hujaamua kama fenda yako inaweza kulipokea, chukua timazi ya fundi mwashi, au hata nati iliyofungwa kwenye uzi, uitundike kwenye ukingo wa fenda juu kabisa ya gurudumu, gari likiwa limesimama mahali palipo sawa. Uzi ukishatulia, pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi kwenye tumbo la tairi. Ukipata milimita 15, na tairi linahitaji 20, jibu unalo tayari kabla ya kutoa fedha. Pima magurudumu yote manne, kwa kuwa gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa huweza kuwa na nafasi kubwa kushoto na ndogo kulia.

Najua muuzaji akisikia hesabu hii atakuambia kwamba anaweza kukutafutia rimu nyingine za inchi 8 zenye ofseti ya 48 kama za asili, ili tatizo liishe. Halitaisha. Nusu ya upana ikiwa 101.5, ukitoa 48 unapata 53.5 kwa nje na ukijumlisha unapata 149.5 kwa ndani, maana yake rimu imepanuka milimita 19 kila upande. Nje umepata nafuu, lakini ndani ukingo wa rimu umesogelea shokapu kwa milimita 19, na huko ndani hakuna fenda ya kukunjwa. Rimu pana inahitaji nafasi yake, na ofseti huamua tu kama nafasi hiyo itachukuliwa kwenye fenda au kwenye shokapu.

Kuna njia rahisi ya kupima nafasi ya ndani ambayo nimeitumia kwa miaka mingi. Kanda unga wa ngano mgumu kama wa chapati, tengeneza donge la ukubwa wa limau, lifunge kwenye mfuko mwepesi wa plastiki na ulibandike kwenye shokapu mahali panapokaribiana na rimu. Funga gurudumu, kaza nati mbili au tatu kwa mkono, lizungushe taratibu mzunguko mmoja, kisha lifungue. Donge litakuwa limebonyea, na unene uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Unene ukiwa chini ya milimita 5, mimi huirudisha rimu hiyo, kwa sababu tairi hucheza kidogo gari linapokata kona, na kokoto ikinasa hapo hukwangua alumini mpaka mfereji uonekane. Bandika donge la pili juu ya kalipa ya breki, mbele ya spoku. Ofseti haikuambii lolote kuhusu umbo la spoku, na rimu mbili zenye upana mmoja na ofseti moja zinaweza kutofautiana, moja ikipita juu ya kalipa na nyingine ikaigusa.

Hadi hapa tumezungumzia kugusana tu, na yawezekana fundi akakunja ukingo wa fenda, tairi likazunguka bila kugusa popote. Lakini kuna athari mbili ambazo rula haizioni, nami ningependa uzifahamu vizuri, kwa sababu ndizo zinazonifanya nipinge neno la muuzaji kwamba ofseti ni urembo.

Ya kwanza iko kwenye usukani. Gurudumu la mbele linapopinda, huzunguka kwenye mhimili usioonekana unaopita juu ya shokapu na kushuka kwenye boljointi ya chini, kisha kuendelea hadi ardhini. Wahandisi wa gari hupanga mahali mhimili huo unapoigusa barabara ukilinganisha na katikati ya tairi, na umbali kati ya sehemu hizo mbili huamua ni nguvu kiasi gani ya barabara itakayofika mikononi mwako. Jambo hili huchukuliwa kwa uzito mkubwa kiasi kwamba Audi 80 iliyotoka mwaka 1972 ilisifika kwa kuupanga mhimili huo ukutane na barabara upande wa nje wa katikati ya tairi, ili gurudumu moja likishikwa na breki kuliko lenzake, gari lisivutwe upande. Ukipunguza ofseti kwa milimita 13, katikati ya tairi inasogea nje kwa milimita hizo 13, na mpangilio huo unavurugika. Kila shimo ambalo tairi moja litaliingia litapata mkono mrefu zaidi wa kuuvuta usukani. Niliwahi kufunga rimu za ofseti ndogo kwenye gari langu mwenyewe la aina ya saluni, na kwenye lami tambarare sikuona tofauti, lakini nilipofika kwenye kipande cha barabara kilichobonyezwa na malori, usukani ulianza kunichezea mikononi, ukivuta kushoto na kulia kadiri tairi lilivyopanda na kushuka kwenye mifereji ile. Nikilazimika kufunga breki ghafla penye mchanga upande mmoja, gari lilikwenda kule ambako sikulielekeza.

Ya pili iko kwenye beringi. Uzito wa gari hubebwa vizuri zaidi pale katikati ya tairi inapokaribiana na katikati ya beringi, kama vile mtu anayebeba ndoo ya maji akiiweka karibu na mwili. Ukiisogeza nje, uzito ni uleule, lakini mzigo kwenye beringi unaongezeka kwa sababu ya mkono uliorefuka. Forester yako ina uzito wa karibu kilo 1,400, kwa hiyo kila gurudumu linabeba kama kilo 350 likiwa limesimama, na gari linapoingia kwenye shimo au kukata kona kwa kasi mzigo huo huongezeka mara kadhaa kwa kitambo kifupi. Beringi haifi siku ya kwanza. Huanza kuvuma kwa mbali, mvumo unaobadilika ukikata kona upande mmoja na kupungua ukirudi upande wa pili, na dereva hudhani ni matairi. Kwenye ile saluni yangu mvumo ulianza kabla mwaka haujaisha.

Sasa nikushauri utafute nini. Kwa Forester yako, tafuta rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7 na ofseti kati ya 45 na 48. Ikiwa 7 kwa 48, kila ukingo unasogea milimita 6 tu. Ikiwa 7 kwa 45, nje ni kama milimita 9 na ndani kama 3. Hata upana wa 7.5 wenye 48 unasogeza milimita 13 nje na 13 ndani, ambazo kwa kawaida gari hilo huzipokea, ingawa donge la unga lazima litumike. Kwa upana huo wa 7 unaweza kuvaa matairi ya 215/55R17, ambayo kipenyo chake ni milimita 668, wakati matairi yako ya 215/60R16, kama ndiyo uliyonayo, yana milimita 664. Spidomita haitakudanganya kwa kiasi cha kukuletea faini. Tairi hilohilo la 215/55 halifai kwenye rimu ya inchi 8, kwani litavutwa mbavu zake na kuacha ukingo wa rimu wazi mbele ya kila jiwe.

Mambo mawili madogo yabaki kwenye daftari lako. Tundu la katikati la rimu za asili za Forester ni milimita 56.1, nalo la rimu ulizoziona ni 73.1, kwa sababu watengenezaji wa rimu za kuuzia kila gari hulitoboa kubwa ili lifae magari mengi. Nafasi hiyo lazima ijazwe na pete ya kati yenye 73.1 nje na 56.1 ndani, la sivyo rimu inaweza kukazwa ikiwa imeegemea upande mmoja, na gari likitetemeka kwenye kilomita 90 kwa saa utalaumu balansi bila sababu. Pili, bolti za Subaru ni za milimita 12 zenye uzi wa 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka mkunjo mmoja wa uzi hadi mwingine, lakini nati za Toyota zenye uzi wa 1.5 zimejaa kila duka na zinafanana nazo kabisa kwa macho. Ukiona nati inagoma baada ya mizunguko miwili, usiilazimishe kwa spana ya upepo.

Swali la pili

Assalamu alaykum, ndugu mwandishi. Niko Mombasa na ninaendesha Toyota Prado ambayo rimu zake za inchi 17 zimeandikwa 7½J na 30. Mara mbili kwa mwezi huwapeleka jamaa zangu Taita, na sehemu ya njia ni ya vumbi na mawe. Fundi mmoja ameniambia kwamba badala ya kununua rimu mpya anaweza kunifungia spesa za milimita 38 kila gurudumu, gari likae pana na lisimame imara kwenye kona. Je, ni salama?

Jibu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Spesa, yaani sahani inayowekwa kati ya habu na rimu, hupunguza ofseti kwa unene wake, wala haina kazi nyingine. Rimu yako ya 30 ikiwekewa spesa ya 38 itakaa kama rimu ya ofseti hasi, yaani kasoro 8. Gurudumu zima litakuwa limesogea nje milimita 38, karibu mara tatu ya badiliko lile la kijana wa Tanga, kwenye gari zito zaidi na kwenye njia mbaya zaidi. Ni kweli kwamba gari pana hulala kidogo kwenye kona, na fundi wako hakukosea kwa hilo. Lakini yale niliyoyaeleza hapo juu kuhusu usukani na beringi yatakupata kwa kipimo kikubwa, na matairi ya mbele yanaweza kugusa bodi nyuma ya bampa ukikata usukani hadi mwisho, kwa kuwa tairi lililosogezwa nje huchora duara kubwa zaidi linapopinda. Tope na kokoto nazo zitarushwa ubavuni mwa gari hadi kwenye vioo vya milango.

Kuna spesa za aina mbili, nazo zitofautishwe. Ya kwanza ni sahani nyembamba ya milimita 3 hadi 5 hivi inayochomekwa kwenye bolti zilezile za gari, ikibanwa na rimu. Hiyo hupunguza uzi wa kushika nati. Kanuni inayotumika gereji nyingi ni kwamba nati iingie kwenye uzi kwa kina kisichopungua kipenyo cha bolti. Bolti za Prado ni za milimita 12 zenye uzi wa 1.5, kwa hiyo nati izunguke mara 8 kamili tangu iliposhika uzi hadi inapokaza. Hesabu mizunguko hiyo kwa mkono, ukiwa umechuchumaa hapo mwenyewe. Ikifika 6 ikakaza, ondoa spesa.

Aina ya pili ni nene kama hiyo ya milimita 38, ambayo hufungwa kwanza kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu hufungwa kwenye bolti zake yenyewe. Ikiwa imetengenezwa vizuri, imekatwa ndani iikumbatie habu ya Prado yenye milimita 106 na ina ukingo wa kuibeba rimu katikati, haitatoka kirahisi. Wasiwasi wangu kwako ni kwamba safu ya kwanza ya nati hujificha nyuma ya rimu, na kuikagua ni lazima uvue gurudumu lote. Baada ya kufunga inatakiwa ikazwe tena kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, baada ya kilomita 50 hadi 100, na kwa njia yako ya mawe ikaguliwe mara kwa mara. Ni madereva wachache wanaofanya hivyo zaidi ya mara ya kwanza. Tena ninyi wa pwani mna chumvi hewani, na alumini ya spesa ikikaa juu ya chuma cha habu hushikana nacho mpaka itolewe kwa nyundo. Kutu iliyoachwa kwenye uso wa habu, hata ikiwa nyembamba kama ganda la kitunguu, huzuia spesa kukaa bapa, na nati zilizokazwa juu ya kutu hulegea kutu hiyo inapopondeka.

Sisemi kwamba spesa ni haramu. Mtu mwenye rimu nzuri ya ofseti 55 kwenye gari linalotaka 45 anaweza kuweka spesa sahihi ya milimita 10 na kuirudisha rimu mahali ilipotakiwa kuwa. Hapo spesa inasahihisha kosa. Kwa upande wako hakuna kosa la kusahihisha, na ndani ya gari hilo wamo jamaa zako. Ukitaka Prado ikae pana kidogo, tafuta rimu ya matundu 6 ya 139.7, yenye upana wa inchi 8 na ofseti ya 20 hivi. Ukingo wa nje utatoka milimita 16, wa ndani utajitenga na shokapu kwa kama milimita 4, na kila nati inayolibeba gurudumu lako itakuwa inaonekana kwa macho.

Swali la tatu

Mimi ni mama wa Morogoro, na gari dogo ninaloliendesha ni langu mwenyewe. Nimepewa rimu nne zilizotoka Japani. Mbili zimeandikwa INSET 45, moja imeandikwa +45 tu, na ya nne imepigwa rangi hadi maandishi hayasomeki. Je, ni sawa na ET45, na ile ya nne nitaijuaje?

Jibu

Dada yangu, zile tatu ni kitu kimoja. Inset ni neno la Wajapani kwa ofseti chanya, na alama ya kujumlisha ina maana hiyohiyo. Ungeona outset ungejua ni hasi. Hakikisha pia kwamba upana ulioandikwa, ule wenye herufi J, unafanana katika zote, kwani 45 kwenye rimu ya inchi 6 na 45 kwenye rimu ya inchi 7 haviweki kingo mahali pamoja.

Ile ya nne ipime mwenyewe, ikiwa haina tairi. Ilaze chini juu ya gunia, uso wake mzuri ukitazama chini na mgongo ukitazama juu. Lalisha ubao ulionyooka, au rula ndefu ya fundi seremala, kutoka ukingo hadi ukingo ikipita juu ya tundu la katikati. Simamisha tepu kutoka chini ya ubao hadi kwenye ule uso bapa unaokaa kwenye habu, na uandike namba unayoipata. Kisha pima upana wote wa rimu, kutoka sakafu ambako ukingo wa mbele umegusa hadi chini ya ubao, na ugawe kwa mbili. Toa nusu hiyo kutoka kwenye namba ya kwanza. Kwa mfano, ukipata kina cha milimita 134 na upana wote wa 178, nusu ni 89, na 134 ukitoa 89 inabaki 45. Ikiwa spoku zake zimetokeza mbele kuliko ukingo, iinue kwa vipande vinne vya mbao vyenye unene mmoja vilivyowekwa chini ya ukingo, na upime upana kuanzia juu ya mbao hizo.

Rudia kipimo sehemu tatu za mzunguko. Namba zikipishana kwa zaidi ya milimita 1 au 2, rimu imepinda ukingo wa ndani, na hiyo ipelekwe kwanza kwa mnyooshaji akaizungushe kwenye mashine. Zikilingana, futa vumbi nyuma ya spoku moja na uandike ofseti hiyo kwa kalamu ya rangi isiyofutika, ili fundi atakayelifungua gurudumu baada yako aikute.